Kosa la Kalamu Asitozwe Muumini

Mzee mmoja wa Mbagala alipofika mbele ya Tume yetu alikuwa na bahasha moja tu mkononi. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ubatizo kilichosema kwamba alizaliwa tarehe 28 Agosti 1938 na kubatizwa tarehe 10 Julai mwaka ule ule. Yaani, alibatizwa kabla ya kuzaliwa. Jina la baba lilikuwa Pauli, hali karatasi za shamba la Yombo analolidai zasema Paulo. Katika Mahakama ya Mwanzo ndugu zake waliozaliwa na mke wa pili walikicheka cheti kile, wakadai ni cha kughushi na kwamba mzee si mtoto wa marehemu.

Tulimwomba paroko wa parokia aliyobatiziwa mzee, huko bara, alifungue daftari lenyewe. Padre mmisionari alikuwa ameandika kwa Kilatini, kwa ufupisho: 10 7bris. Hiyo saba si mwezi wa saba. Husomwa Septembris, kwa kuwa septem ni saba, na katika kalenda ya kale ya Warumi Septemba ulikuwa mwezi wa saba. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba na 10bris ni Desemba. Na maneno filius Pauli maana yake ni mwana wa Paulo. Kilatini hubadili mwisho wa jina, nasi katika Kiswahili hatufanyi hivyo. Daftari halikukosea hata herufi moja. Aliyekosea ni aliyenakili, na hatumwiti mwovu, maana hakuna aliyemfundisha.

Yapo makosa ya namna nyingine, yaliyoingia tangu wino wa kwanza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walisikia majina ya watu wetu kwa sikio la Kifaransa. Wabenediktini waliofika Pugu mwaka 1888 waliyasikia kwa sikio la Kijerumani. Mfaransa aandikapo Chomari, amesikia Shomari. Mjerumani aandikapo Dschuma, amesikia Juma, na aandikapo Tschuma, amesikia Chuma. Mtu anayenakili kwa haraka, chini ya taa hafifu, atamfanya Juma kuwa Chuma na kuupoteza ukoo mzima. Kwa wajukuu wa wale waliokombolewa utumwani na kulelewa Bagamoyo jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingine zina wazee wa ukoo wa kuulizwa; wao pengine wana mstari mmoja tu wa daftari.

Wengine watasema haya ni mambo ya wapenda historia. Sivyo. Katika Temeke na Kinondoni wamejaa watu waliozaliwa vijijini ambao hawakuandikishwa serikalini. Mtu mzima anapoomba cheti cha kuzaliwa RITA, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya viambatisho vinavyopokelewa. Kosa likishaingia hapo huhamia katika kitambulisho cha taifa, kisha katika mirathi na mafao ya uzeeni.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na madaftari na paroko ahakikishe yanaandikwa sawasawa na kutunzwa kwa uangalifu. Wajibu huo haukuwekwa juu ya mabega ya mbatizwa. Kwa nini basi anayekuja kulalamikia jina la baba yake lililoharibiwa aambiwe alete kwanza kadi ya zaka, au alipie cheti kipya kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu cha kwanza? Zaka ni wajibu, nasi tunauhimiza kila mwaka. Lakini kusahihisha kosa letu wenyewe ni kulipa deni, wala halipaswi kuwekewa sharti.

Pale ambapo daftari ni sahihi na nakala ndiyo mbovu, cheti kipya kitolewe bila malipo, pamoja na barua ya paroko yenye mhuri inayoeleza kosa lilivyotokea. Pale ambapo daftari lenyewe lina kosa, mambo yaende polepole. Tumeona kurasa zilizokwanguliwa kwa wembe na jina jipya kupachikwa juu. Hata aliyefanya hivyo kwa huruma ameua ushahidi, na kesho mwenye tamaa ya kiwanja atatumia wembe ule ule. Maandishi ya awali yabaki. Sahihisho liandikwe pembeni, likiwa na tarehe, sababu na saini, baada ya kusikiliza mashahidi na kupata idhini ya Kuria ya Jimbo.

Mashahidi hao hatuna muda mrefu wa kuwapata. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ambao mnawafahamu wazee wa mitaa yenu kuliko karani yeyote, wakalisheni sasa, andikeni majina ya wazazi na wasimamizi wao wa ubatizo kama wanavyoyatamka wao, kisha mpeleke nakala parokiani.

Mzee wetu wa Mbagala amepata cheti kipya na barua ya paroko. Kesi imeahirishwa tena, kwa sababu ndugu zake wameomba nafasi ya kulikagua daftari. Tumewajibu kwamba walikague, na kwamba tutasafiri pamoja nao.