Tusiviharibu vya mababu kwa kuvitengeneza

Mwezi uliopita mzazi mmoja alifika shuleni kwetu, hapa Rumonge, akiwa amebeba icansi, kile chombo cha mbao cha kuwekea maziwa, alichoachiwa na mama yake. Alitaka nimwelekeze kwa fundi wa kukipiga msasa na kukipaka vanishi, kwani kuna mnunuzi kutoka Bujumbura aliyemwambia kwamba kiking'aa bei itapanda. Nilimsihi asubiri. Sababu zangu zinaanzia nyumbani kwetu, msomaji aniwie radhi.

Nilizaliwa mwaka 1980 Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Shule zote nilisomea Tanzania. Babu yangu alikuwa mpiga inanga. Kwa vijana wasioijua, inanga ni ubao uliochongwa ukawa na shimo kama karai refu, juu yake ukapitishwa uzi mmoja mrefu kwenda na kurudi kwenye meno ya ncha zake mbili, mpaka zikapatikana nyuzi nane au zaidi. Mpigaji haimbi kwa sauti, bali hunong'ona, na zile nyuzi ndizo zinazobeba kupanda na kushuka kwa maneno ya Kirundi. Yake aliiacha ikining'inia ukutani usiku waliokimbia. Huko Ulyankulu jioni alikuwa akigonga vidole juu ya meza na kunong'ona. Sisi watoto tulidhani ni uzee. Alifariki mwaka 1988.

Tuliporudi mwaka 2009 tulikuta shamba letu linalimwa na familia ya jirani, na inanga iko jikoni kwao. Walikuwa wanachambulia maharage ndani yake. Nyuzi hazikuwepo, meno mawili yalikuwa yamevunjika, na kwenye ufa wa tumboni palikuwa pamegongelewa bati la kopo kwa misumari midogo.

Sitaficha kwamba nilikasirika. Niliichukua bila kuaga vizuri, nikaipeleka kwa seremala mjini ili irudi kuwa mpya. Nilipokwenda kuiangalia siku ya pili alikuwa amekwisha kuparua ncha moja, na weusi wote wa moshi na mikono ulikuwa umeondoka. Akaniambia kwa fahari kwamba kesho atang'oa bati. Nikaiondoa pale pale. Kusema kweli sikuwa na hoja yoyote wakati ule. Niliona tu kwamba pale alipoparua hapakuwa tena na kitu cha kutazama.

Hoja nilipewa na bibi wa nyumba ile ile, ambaye naye sasa ni marehemu. Nilikwenda kumwomba radhi kwa kuondoka kama mwizi. Akaniuliza, “Mjukuu wangu, unajua nyuzi za babu yako zilitoka wapi?” Sikujua. Zamani nyuzi za inanga zilikuwa kano za ng'ombe, na babu yangu hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Akaeleza kwamba kila walipochinja kwao, kano zilikuwa zinawekwa kando kwa ajili yake, naye alikuwa anakuja kuwapigia jioni. Lile bati lilipigiliwa na mume wake, kwa sababu ufa ulikuwa unaongezeka na hakutaka wenyewe wakirudi wakute kuni. Maharage yalianza baadaye, wakati wakwe walipokuwa hawajui tena kile ni kitu gani.

Basi hapo pana mambo mawili, na yote ni ya kweli. Familia ile ilitunza inanga yetu kwa miaka 37. Familia ile ile ililima shamba letu kwa miaka 37. Shamba tuligawana nusu kwa nusu baada ya usuluhishi, na mpaka leo wapo ndugu zangu wasiosalimia upande wa pili wa mpaka. Mimi sidai kwamba ubao umewapatanisha. Ninachosema ni kwamba kama seremala angeng'oa lile bati, ningebaki na ala nzuri ya kupamba sebule, na habari ya kano, ya jioni zile na ya jirani aliyepigilia misumari ningeikosa, kwa kuwa nisingekuwa na sababu ya kuuliza.

Taifa letu limeheshimu ngoma zake, ambazo mwaka 2014 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni jambo jema. Lakini ngoma zile zilikuwa za mfalme. Vyombo vya jikoni, mitungi iliyofinyangwa na Watwa, vikapu na majembe ya mikono ya watu wadogo, hivyo ndivyo vinavyoonyesha nani alimpa nani kitu, nani alimfanyia nani kazi, na nani hakuruhusiwa kunywea kata moja na mwenzake. Hivyo ndivyo vinavyouzwa barabarani vikiwa vimepakwa rangi ya viatu ili vionekane vya kale. Mnunuzi havutiwi na bati la kopo.

Walimu wenzangu tunaofundisha historia ya 1972 tukipepesa macho, tuanzie hapo. Mtoto alete kifaa kimoja cha nyumbani kwao, aulize kimepasuka lini na nani alikiziba. Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, yangeweza kupokea picha na maelezo tu, kifaa kikabaki kwa mwenyewe. Na fundi alipwe kwa kuzuia ufa usiendelee na kufukuza mchwa, bila kuhitaji kukipa kifaa sura ya dukani.

Inanga yetu nimeiwekea meno mawili mapya, ambayo nimeacha yaonekane ni mapya, na uzi wa nailoni wa wavuvi wa ziwani, kwani kano siku hizi huzipati kwa urahisi. Yule bibi aliisikia mara moja kabla hajafa. Akasema inalia kama mbu, kisha akaomba nirudie.

Yule mzazi bado ana icansi yake. Jumamosi ameahidi kumleta shangazi yake, anayekumbuka kwa nini mkono wake mmoja umeungwa kwa waya.