Cheti cha kompyuta na dume la mzee

Kama unasoma safu hii ukiwa ofisini, feni inakupuliza, mshukuru Mungu wako. Mimi mwenzio naiandika kijiweni, karibu na stendi ya Bariadi, nimechacha kinoma.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilipomaliza fomu foo, mzee wangu aliuza dume moja la plau ili nikasomee kompyuta. Kwetu Usukumani ukiuza dume moja umevunja jozi, maana linalobaki halilimi peke yake. Mzee hakulalamika. Aliamini mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza, utajaa maofisi, kila ofisi itakuwa na kompyuta, na kila kompyuta itataka mtu. Hesabu nzuri, ila jibu halikutoka.

Mwanzoni mambo yalikuwa supu. Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, nami nikakaa chini ya mwavuli, kila laini na kamisheni yake. Foleni ilikuwa kama ya mnadani. Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, foleni ikakauka, mwavuli ukabaki wa kuzuia jua tu.

Nikahamia intaneti kafe. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua na kuwajazia watu maombi ya ajira serikalini. Yaani nawatafutia wenzangu kazi huku yangu inaota mbawa! Simu za kupangusa zikatumaliza. Nani alipe kafe wakati anayo mfukoni? Bosi akauza mashine moja moja, akabakiza ya fotokopi. Mimi nikala kona.

Usidhani ni Bariadi peke yake. Januari 2023, kampuni ya Sama kule Nairobi ilitangaza kuwapunguza watu wapatao 260. Mwezi huohuo Google ya Marekani ikatangaza kupunguza 12,000. Nilimpigia mzee nikampa habari hiyo. Ya kwangu nikaimeza. Akauliza, "Huyo Google naye mvua imemkatikia?"

Matangazo ya kazi nayo ni vituko. Wanataka kijana mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Sasa uzoefu wenyewe tuupate wapi, dukani?

Basi siku moja wakati wa msimu wa pamba, nimekaa zangu kijiweni napiga soga, namwona mzee huyo anashuka kwenye bodaboda. Nyumbani nilishaaga kwamba nipo "ofisini". Soo!

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ofisi ndiyo hii?"

Washikaji wote kimya, kila mtu anachunguza kandambili zake. Nikaona nikizuga tena nitakuwa nakula dume la pili. Nikamwaga yote: mwavuli, kafe, fotokopi.

Mzee akakaa kwenye benchi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwaka ule nililima kwa kuazima dume la jirani. Hilo halikuniuma. Limeniuma hili la kutoniambia. Ningejua, tungelima wawili."

Msomaji wangu, hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akatoa simu yake. Kumbe alikuja mjini kwa sababu ya meseji ya malipo ya pamba, haielewi. Nikamsomea, nikamwonyesha salio, nikamwambia namba ya siri asimpe mtu, hata akijiita nani. Wiki iliyofuata akaja na wazee wawili wa kijijini. Walinilipa michembe. Mshiko si mshiko, lakini nilikula.

Novemba narudi nyumbani kupanda pamba. Cheti nakwenda nacho. Siku nafasi ikitokea nitaomba, sijakata tamaa ng'o. Ila wewe unayetaka mzee wako auze ng'ombe ukasome kozi, kwanza ulizia mjini kwenu nani anaajiri watu wa kozi hiyo, na waliomaliza mwaka jana wako wapi. Ukiwakuta wote kijiweni, mwache ng'ombe alime.

Tukutane wiki ijayo.