UCHAMBUZI: Picha za ubongo zisiwe kisingizio cha kuwatelekeza manusura

Kutoka Kitisuru hadi jumba la Westgate ni mwendo mfupi wa gari. Jumba hilo lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2015, baada ya shambulizi la Septemba 21, 2013 lililoua watu 67. Majeraha ya akilini, hata hivyo, hayazibwi kwa saruji.

Kwa nini watu wawili hunusurika mkasa mmoja, mmoja akapona baada ya miezi michache huku mwenzake akiandamwa na jinamizi kwa miaka?

Mnamo 2002, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupiga picha bongo za pacha wanaofanana, mmoja akiwa amepigana Vietnam. Kwa wanajeshi waliolemewa zaidi na maradhi ya kiwewe, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo. La kushangaza, ilikuwa ndogo vilevile kwa pacha ambaye hakuwahi kwenda vitani. Yamkini basi udogo huo ulitangulia vita.

Hapo ndipo penye hatari. Manusura wa bomu la Agosti 7, 1998, lililoua watu zaidi ya 200 jijini Nairobi, wamedai fidia kwa miaka na mikaka. Wakili mjanja anaweza kusema kwamba ugonjwa wa mlalamishi ulikuwa kichwani mwake kabla ya mlipuko. Hoja hiyo haina mashiko. Mwenye mifupa dhaifu akigongwa na gari akavunjika, lawama ni za dereva.

Isitoshe, utafiti ulioongozwa na Dkt Frank Njenga na kuchapishwa 2004 ulihusisha waathiriwa 2,883 wa bomu hilo. Asilimia 35 walikuwa na dalili za maradhi hayo. Miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi ni waliojeruhiwa, waliofiwa, waliotatizika kifedha na ambao hawakumsimulia rafiki yaliyowasibu.

Kutambua hayo hakuhitaji mtambo wa MRI. Mhudumu wa afya ya jamii mwenye kalamu na daftari anaweza kuyauliza, awe Kitisuru au katika mtaa wa mabanda wa Kibagare.

Utafiti wa ubongo na uendelee, kwani huenda siku moja ukaonyesha nani atafaidika na tiba ipi. Kwa sasa, serikali inadaiwa mambo mawili: mshauri nasaha aliye karibu na kila manusura, na fidia isiyosubiri picha ya ubongo.