Tusiwapake Chokaa Watunzi Wetu

Habari za John Newton, mtunzi wa wimbo Amazing Grace, husimuliwa makanisani kwa namna hii: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, dhoruba ikampiga baharini, akamlilia Mungu, akaokoka, akaiacha biashara ile siku ileile, kisha akaandika wimbo. Ni hadithi tamu, lakini si ya kweli, na anayeisimulia hivyo analinyima kanisa chakula.

Dhoruba ile ilikuwa Machi 1748, na Newton hakuwa bado nahodha. Unahodha aliupata mwaka 1750, akiwa tayari mtu wa sala na Biblia. Alifanya safari tatu hadi pwani ya Afrika Magharibi, akanunua watu, akawafunga minyororo chini ya sitaha, akawavusha bahari. Siku ya Bwana aliwaongoza mabaharia katika ibada, na waliofungwa wakiwa mumo humo melini. Mwaka 1754 aliacha safari hizo kwa sababu ya ugonjwa wa ghafla. Dhamiri ilikuwa bado imelala. Wimbo aliuandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773, akiwa mchungaji huko Olney, Uingereza. Kijitabu cha kuipinga biashara ya watumwa alikitoa mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha unahodha, na humo alikiri mwenyewe kwamba ungamo lake limechelewa.

Wapo watakaosema: mambo haya yanawakwaza walio wachanga katika imani, mtu akishatubu, yake yasifukuliwe. Nawauliza, basi kwa nini Biblia haikuificha habari ya Daudi na Uria? Kwa nini Injili zote nne zimeandika kwamba Petro alimkana Bwana? Maandiko hayakuona haya kuandika maisha ya watu kama yalivyokuwa. Sisi tumepata wapi ruhusa ya kuyapaka chokaa?

Tena anayekwazwa hasa ni yule kijana aliyeokoka mwaka jana, ambaye bado anapigana na pombe au hasira. Anasikia kwamba wenzake walibadilika kwa usiku mmoja, naye anajiona hakuokoka kabisa. Angeambiwa kwamba Mungu alimvumilia Newton miaka mingi, huku akimfungua macho kidogo kidogo, angepata nguvu ya kuendelea.

Na wale waliofungwa minyororo? Katika hadithi iliyofupishwa hawaonekani. Wametupwa ili mtunzi ang'ae. Sisi Waafrika tusikubali kuimba juu ya vichwa vyao.

Lakini sababu kubwa ni hii. Newton hakuwa mnafiki. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria ya nchi yake, nao waumini wenzake waliiona kazi ya heshima. Ndiyo maana aliweza kuomba na kufunga watu kwa mikono ileile. Hadithi fupi inatuficha hatari hiyo, nasi twatoka kanisani tukimshukuru Mungu kwamba hatuuzi watu, huku nyumbani kuna dada wa kazi ambaye hajalipwa miezi mitatu, naye hakuja ibadani kwa sababu anatupikia chakula cha Jumapili.

Wazee wa kanisa, waalimu wa Shule ya Jumapili, simulieni maisha ya watunzi wetu yote kamili. Neema haihitaji kutetewa kwa uongo.