Wapimao kwa Pishi

Lawama iliyouandama mchezo wa kompyuta uitwao Limbo tangu ulipotoka, mwezi wa Julai 2010, si kwamba ni mbaya. Hata walioulaumu walikiri kuwa ni mzuri. Lawama ni kwamba ni mfupi. Wachezaji walitoa dola 15 za Kimarekani, wakaumaliza kwa muda wa saa tatu au nne, kisha wakanung'unika kwamba wamepunjwa. Wapo waliokaa wakaigawa bei kwa saa, wakaonesha kwamba kwa kuongeza kidogo mtu angejipatia mchezo wa saa arubaini. Hesabu yao ni sahihi. Ninachokikataa ni hukumu waliyoijenga juu ya hesabu hiyo, nami nitaikataa bila ya kuuma maneno, kwa sababu nimeona jinsi inavyotoka katika mchezo mmoja wa Denmark na kuingia majumbani mwetu.

Msomaji ataniuliza: mtu wa mashairi, aliyevuka hamsini, ana lipi la kusema juu ya michezo ya vijana? Ni swali la haki. Mpwa wangu ndiye aliyenikalisha mbele ya mashine yake usiku mmoja wa kusi, akanipa pedi mkononi, akasema, "Mjomba, huu utauweza, maana wewe hupendi mambo marefu." Nilikufa mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Nilikesha mara tatu ndipo nikaumaliza. Kwa hiyo kwangu mimi haukuwa mfupi hata kidogo, lakini sitaki kushinda hoja kwa uzito wa vidole vyangu.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Mtoto wa kiume anazinduka msituni. Uso wake hatuuoni. Ni kivuli cheusi chenye macho mawili meupe yanayong'aa. Kila kitu ni cheusi, cheupe au kijivu, na ukungu umetanda. Hakuna anayesema naye, hakuna maandishi ya kumwelekeza mchezaji, hakuna alama za kuhesabu wala kipimo cha uhai kilichochorwa pembeni. Mtoto anakwenda upande wa kulia. Anaruka, anapanda kamba, anavuta makasha, na anakufa: kwa mtego wa meno ya chuma, kwa maji (maana hajui kuogelea), kwa mguu wa buibui mkubwa umchomao kama mkuki. Kila akifa anarudi hatua chache nyuma na kujaribu tena. Kampuni ndogo ya Playdead, ya Copenhagen, iliyoutengeneza kutokana na michoro aliyoianza Arnt Jensen mwaka 2004, ilitoa maelezo ya sentensi moja tu, kwamba mtoto huyu hajui lililompata dada yake, naye ameingia Limbo. Neno hilo limetoka katika mafundisho ya zamani ya Kikatoliki, ambamo ni pahala pa roho zisizopata pepo wala adhabu. Msomaji wetu asikimbilie kulifasiri kwa barzakhi. Ni vitu viwili mbali mbali, na nimeshaona tafsiri zilizoharibika kwa haraka ya namna hiyo.

Mtazame yule buibui. Mwanzoni huoni ila miguu yake imetulia kando ya mti, na kwa dakika nzima hujui kama ni miguu au matawi. Kisha unamtega, unamkata miguu, unamkimbia, unanaswa katika utando wake, unajinasua. Mwishowe unamkuta amebakiwa na mguu mmoja, akigaagaa. Mtoto anaushika mguu huo na kuung'oa kwa mikono yake, kisha anakivingirisha kiwiliwili hadi katika shimo la miiba, apate pa kukanyaga avuke. Adui tuliyemwogopa amekuwa daraja. Hapana aliyesema neno, hapana ngoma iliyopigwa kutuambia kwamba tumeshinda. Mimi niliiweka pedi chini nikaenda kunywa maji.

Sasa niambieni, enyi wapimao kwa pishi: tukio hilo lingerudiwa mara ngapi ili dola 15 zitimie? Aje buibui wa pili? Waje watano, kila mmoja na rangi yake na namna yake ya kufa? Michezo ya saa arubaini mnayoitaja kuwa ni nafuu aghalabu hufanya hivyo hivyo. Adui aliyekutisha mara ya kwanza hukuchosha mara ya kumi, na mara ya ishirini unamuua huku ukizungumza na mwenzako habari za mpira.

Kuna maneno mawili yanayochanganywa hapa. Mtu akisema kitu ni ghali, anazungumza na muuzaji, na hiyo ni haki yake. Dola 15 ni fedha, na kwa kijana wa visiwani ni fedha nyingi sana. Bei hupunguzwa, na ya Limbo imepunguzwa mara nyingi tangu wakati huo. Lakini akisema kitu ni kifupi, anazungumza na mtunzi, na anamwambia kwamba kazi yake haikutimia. Hilo linataka ushahidi mwingine kabisa. Aoneshe ni wapi pamekatika kabla ya wakati, ni lipi lililoanzwa likaachwa. Al-Inkishafi haifiki beti mia moja, na Utendi wa Tambuka umevuka elfu. Sijapata kumsikia mtu, hata asiyejua vina, akidai kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitupunja.

Nayasema haya kwa machungu yangu pia, sifichi. Kazi ya tafsiri hulipwa kwa idadi ya maneno, na si mara moja wala mbili nimeliacha neno moja lililotosha nikaweka matatu, kwa kuwa mwisho wa mwezi umekaribia na karani anahesabu tu, hasomi. Na katika mashairi, mchapishaji mmoja, ambaye simtaji, alinirudishia mswada wa beti arubaini akaniambia kuwa kitabu chembamba hakisimami rafuni, niongeze. Niliongeza. Kitabu kilisimama. Nusu yake siwezi kuisoma mbele za watu.

Je, Limbo haina kasoro? Inazo. Lile manung'uniko kwamba mchezo hukuua kwanza ndipo ukakufundisha lina ukweli wake, ingawa adhabu ya kurudi hatua tatu nyuma si adhabu ya kumliza mtu mzima. Kasoro kubwa ni nyingine. Baada ya msitu mtoto anafika mjini, ambako kuna herufi kubwa za umeme zenye kuua, zinazoandika HOTEL, neno pekee ninalokumbuka kulisoma katika mchezo wote. Kisha anaingia kiwandani: magurudumu yenye meno, sumaku, mitambo inayogeuza juu kuwa chini. Wachezaji wengi walisema kwamba huko roho ya mchezo imepungua, na hapo nawaunga mkono moja kwa moja. Msituni mlikuwa na viumbe waliotutaka. Kiwandani mna mafumbo. Unakaa, unakokotoa, unasukuma kasha, unafurahi kidogo kwamba umelifumbua, na ile hofu imekwenda zake. Kwa hiyo, ikiwa lazima nitoe hukumu juu ya urefu, hukumu yangu ni kwamba Limbo ni mrefu mno. Ungekatwa saa nzima nisingeulilia. Nimemsikia kijana mmoja akilalamika kwa pumzi moja kwamba mchezo ni mfupi na kwamba kiwanda kimemchosha, na hakuona kwamba alichoongezewa ndicho hicho hicho alichokidai.

Wala sijiungi na watetezi wake wa kawaida. Wao hulikimbilia neno sanaa kama mtu akimbiliaye kibaraza mvua inapoanza, na wakishajikinga huanza kufumbua. Mwisho wa mchezo mtoto anapasua kioo, anaanguka msituni, anazinduka kama alivyozinduka mwanzo. Anakwenda, anamkuta msichana amempa mgongo, amejiinamia. Msichana anashituka kama aliyehisi mtu nyuma yake. Giza. Basi wafumbuzi wanasema: kile ni kioo cha gari, walipata ajali. Au kaka amekufa, na dada anachezea kaburi lake. Au wamekufa wote. Mimi ni mfasiri, na tamaa hiyo ninaijua vizuri: tamaa ya kuliziba pengo aliloliacha mwandishi kwa makusudi, ili msomaji asinilaumu mimi. Huyu anadai ufunguo, yule anadai saa arubaini. Wote wawili wanataka waongezewe.

Mambo yangeishia kwenye manung'uniko nisingeshika kalamu. Lakini mwaka 2015 duka la Steam, linalouza michezo kwa njia ya intaneti, liliweka kanuni kwamba mnunuzi aweza kuomba arudishiwe fedha ndani ya siku 14, maadam amecheza chini ya saa mbili. Kwa aliyeuziwa kitu kibovu ni kanuni ya haki. Kwa mchezo wa dakika tisini maana yake ni kwamba mtu aweza kuumaliza, akausifu, kisha akachukua fedha zake. Mwaka 2021 mtengenezaji ajiitaye Emika Games, aliyetoa mchezo uitwao Summer of '58, alitangaza kwamba anaiacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana. Mchezo wake ulikuwa haufiki saa mbili. Watu waliupenda, na watu wengi waliurudisha. Hapo pishi si maoni tena. Imeshakuwa sheria ya soko, na kila mtengenezaji mdogo anaanza kazi akiwa na saa ukutani.

Mpwa wangu na wenzake wawili wana mchezo wao. Mtoto anavuka mikoko usiku, maji yakijaa, anamtafuta baba yake aliyekwenda kuvua. Mwaka jana ulikuwa wa dakika thelathini, nami niliucheza hata chai yangu ikapoa. Maji yalikuwa yakipanda polepole, na ukisimama kufikiri yanapanda vile vile. Mwezi uliopita amenionesha tena. Sasa unachukua muda wa saa mbili na robo. Wameongeza funguo za kutafuta, kaa watatu wa kupigana nao, na pango ambalo mtu hulizunguka mara mbili. Nilimwuliza maji yamekwenda wapi.

"Mjomba," alisema, "maji yakipanda mchezo unaisha."

Nimemwomba anitafutie ule wa mwanzo. Anasema labda umebaki katika mashine ya mwenzake.