Kiatu cha pwanti hakikubebi, wewe ndio unakibeba

Wasee wa Section 58 na Nakuru yote, hii tabia ya kununua viatu vya baleti vya mtumba, kuvaa jioni hiyo hiyo na kusimama kwa ncha za vidole ndio beshte akurekodi, iishe. Manze, huo si ujasiri. Ni kuchezea mifupa.

Wengi wanadhani ndani ya kiatu cha pwanti kuna chuma. Hakuna. Kile cha kawaida ni vitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na kipande kigumu chini ya wayo. Kikitumika kinalainika, kinafuata mguu wa mwenyewe. Sasa wewe unanunua kiatu ambacho kimeshakufa kwa mguu wa mtu mwingine, alafu unakiamini na uzito wako wote?

Kinachokubeba ni kifundo, shavu la mguu na misuli midogo ya wayo. Ikiwa dhaifu, mguu unapinda nje na kano zinaachia. Na kama uko chini ya miaka 15 hivi, mifupa ya mguu pengine bado inakua. Ndio maana walimu makini hawampandishi mtoto kabla ya kama miaka 12, na hata hapo awe na miaka kadhaa ya mazoezi.

Jipime. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, inua kisigino polepole mara 20 bila kuyumba. Umefika ngapi? Basi.

Dawa yake haina bei. Ngazi za ploti: panda kwa vidole, shuka polepole. Blada ya kufungia mizigo kwa boda: zungushia mguu, sukuma mbele, kisha vuta pande zote. Ukiwa umekaa, inua upinde wa wayo bila kukunja vidole. Kila siku, miezi kwa miezi.

Najua mtasema, "Sisi ni watu wa Rift, miguu tumezaliwa nayo." Wapi! Hata wakimbiaji wa Iten wanafanya mazoezi kila siku, na kukimbia si kusimama kwa vidole.

Wengine watasema baleti ni ya watoto wa Karen. Joel Kioko alitoka Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio karibu na hiyo Karen, akafika shule ya English National Ballet huko London. Na zile picha za watoto wa Kibera wakicheza darasani Spurgeons Academy, madawati yakiwa yamesukumwa kando, ziliangaliwa dunia nzima. Umeona miguu yao? Mitupu. Walianza na mguu, si na kiatu.

Kwa hivyo kama huna mwalimu wa kukukagua, baki chini. Cheza miguu mitupu. Hiyo pia ni baleti, na haitakuacha ukichechemea ukiwa na miaka 20 kwa sababu ya video ya sekunde 15.