AFYA NYUMBANI: Mgonjwa wa Figo na Upungufu wa Damu

Sajini aliyezoea kutembea maili nyingi na mzigo mgongoni huweza siku moja kujikuta akisimama katikati ya ngazi ili avute pumzi. Mkewe akimtazama ndani ya kope huona zimekuwa nyeupe, naye humtafutia mchicha na maji ya bitiruti kama alivyoelekezwa na majirani. Nia yake ni njema. Lakini ikiwa mumewe ana maradhi ya figo ya siku nyingi, tiba hiyo huweza kumdhuru, kwa kuwa vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, na figo dhaifu huenda zisiweze kuitoa. Ikizidi mno mwilini, moyo huweza kusimama.

Wengi hudhani kuwa kazi ya figo ni kutengeneza mkojo tu. La, hasha. Figo hutoa pia homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikichakaa, amri hiyo hufifia, na uboho hukaa kama kikosi kisichopata habari kutoka makao makuu, hata chakula kiwe kingi namna gani.

Hivyo daktari hupima kwanza. Hemoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye na mimba, ni upungufu. Hutazamwa pia akiba ya madini ya chuma, pamoja na malaria, safura na damu inayovuja tumboni. Chuma ndicho hutangulia, kwa vidonge au kwa sindano ya mshipa. Vidonge visimezwe kwa chai wala maziwa. Choo huwa cheusi, na hilo si la kuogopesha. Ila kikinata kama lami, mgonjwa arudi upesi hospitali.

Sindano za erithropoietini ziliruhusiwa Marekani mwaka 1989. Ni ghali, na huharibika kwa uzembe: hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, zisigande wala zisitikiswe. Hemoglobini isisukumwe kupita 13, maana hatari ya kiharusi huongezeka. Shinikizo la damu lipimwe kila mara.

Kuongezewa damu hufanywa panapo haja kubwa tu, hasa kwa anayetarajia kupewa figo na nduguye, kwani mwili huweza kujifunza kuikataa.

Na kabla ya kubadili chakula cha sajini, mkewe aulize kwanza kipimo cha potasiamu.